Mashine ya ukutani na baridi ya Julai

Kuanzia Januari hadi Machi simu yangu haitulii. Fundi, AC haipozi. Fundi, inavuja maji kitandani. Fundi, njoo leo leo. Ikifika Juni, mawingu yakishatanda juu ya jiji kutwa nzima, simu hizo hukatika. Mashine zile zile huzimwa kwenye brekaa mpaka mwaka ujao, na wenye nyumba hukimbilia dukani kununua hita, au hubeba jiko la makaa hadi sebuleni. Jambo hili huniumiza kila mwaka, kwa sababu nyingi kati ya mashine hizo nimezifunga kwa mikono yangu, na ninajua zinaweza kuwapa joto kwa stima kidogo kuliko hita yoyote iliyoko dukani.

Mimi ni mtoto wa Mombasa. Kazi ya friji na AC niliifunzwa na mzee mmoja wa Majengo, ambaye hakukuruhusu kushika spana kabla hujamweleza gesi inatoka wapi na inaelekea wapi. Pwani adui yetu ni chumvi. Hula mapezi ya alumini ya mashine ya nje mpaka yakageuka unga. Sikumbuki mteja wa Mombasa aliyewahi kuniuliza habari ya kupasha nyumba joto. Nilipohamia Nairobi nikakuta mji ulioko karibu mita 1,800 juu ya bahari, ambako usiku wa Julai hushuka hadi nyuzi 11 au 12, na nyumba zimejengwa kana kwamba baridi hiyo haiji.

Mwaka jana dada mmoja wa mtaa wa South C aliniita nimhamishie AC kutoka sebuleni kwenda chumba cha juu. Nilipoingia nilimkuta mama yake, bibi wa Mji wa Kale aliyeletwa Nairobi akae karibu na daktari wake. Alikuwa amejitanda leso mbili juu ya sweta, soksi za sufu miguuni, madirisha yamefungwa yote, na jiko la makaa liko hatua mbili kutoka kwenye kochi. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayesinzia. Nikamwomba radhi, nikalitoa jiko nje kabla hatujazungumza neno jingine.

Hapo sina mjadala na mtu. Makaa yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia mapafuni hushika damu kwa nguvu kuliko oksijeni, na mwenye kuivuta huona usingizi tu. Kila msimu wa baridi tunasoma magazetini habari za watu waliolala na jiko wasiamke. Moshi wa makaa ukiisha watu hudhani hatari imekwisha, kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo yanayoua.

Tukarudi ndani, nikaomba rimoti. Kwenye kioo chake palikuwa na alama ndogo nne ukibonyeza kitufe cha kubadilisha: chembe ya theluji, tone la maji, feni na jua. Nikamuuliza yule dada kama hilo jua wameshawahi kulitumia. Akasema hapana, yeye alielewa kwamba ni la siku za jua kali. Nikaliweka kwenye jua, nyuzi 21.

"Mwanangu," bibi akasema, "hiyo ni AC. Mimi hapa nimeganda, nawe waniwashia AC?"

"Niamini, bibi. Kitambo kidogo tu."

Nje ikasikika sauti fupi ya gesi, pssss, vali ikigeuka. Ndani kimya. Watu wengi huzima hapo, wakidhani mashine imekataa. Haijakataa. Mashine iliyotengenezwa vizuri hungoja koili ya ndani, yale mabomba yaliyokunjwa yenye mapezi, ipate moto kwanza, isije ikakupulizia baridi usoni. Baada ya dakika kama mbili bapa la mbele likainama, feni ikaanza taratibu. Nikaweka kipimajoto mdomoni mwa mashine: 24, 31, 38, kikatulia kwenye 41. Nikazungushia mita ya klampu kwenye waya wa stima, ikasoma ampia nne, yaani karibu wati 900. Bibi akautoa mkono mmoja ndani ya leso, akauinua kuelekea ukutani, vidole vimefunguka.

"Moto huu watoka wapi, na hapana makaa?"

Swali lake ndilo swali lenyewe, na ningependa kila mwenye nyumba Nairobi alijue jibu lake. Joto lile lilitoka nje. Hewa ya nyuzi 12 tunaiita baridi kwa sababu miili yetu ina nyuzi 37, lakini gesi iliyomo kwenye mabomba ya shaba haina mwili kama wetu. R-32, ambayo ndiyo iko kwenye mashine nyingi mpya, huchemka kwenye nyuzi 52 chini ya sifuri katika mgandamizo wa kawaida wa hewa. Mashine huiachilia kwenye koili ya nje ikiwa imelegezwa, ikiwa baridi kuliko hewa ya Nairobi. Hewa ikipita hapo huipa gesi joto lake, gesi inachemka na kuwa mvuke. Kompresa, ile pampu ya gesi, inaunyonya mvuke ule na kuubana. Gesi ikibanwa hupanda moto. Inapelekwa kwenye koili ya ndani, inampa bibi joto lile, inageuka majimaji, inarudi nje kuanza upya. Februari vali ile ya nje hugeuza njia, joto likabebwa kutoka sebuleni na kumwagwa uani. Hii ndiyo pampu ya joto.

Asiyeniamini na aende nyuma ya friji yake, aguse. Joto analolisikia pale limetolewa kwenye maziwa na sukuma wiki iliyomo ndani. AC ya jua na theluji ni friji inayoweza kugeuzwa.

Sasa, kwa kuwa stima inalipia tu kazi ya kubeba, uniti moja, yaani kilowati moja kwa saa moja, inayoingia kwenye kompresa na feni huleta ndani joto la uniti tatu hadi nne. Hita ya waya au ile ya mafuta yenye magurudumu hukupa joto la uniti moja kwa kila uniti moja uliyonunua. Haiwezi kuzidi hapo, iwe ya bei gani. Nikijumlisha kodi na tozo zote, uniti hunijia karibu shilingi 28. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa nne kila jioni ni uniti nane, shilingi 224. Joto hilo hilo kwa pampu ya joto ni uniti mbili mpaka mbili na theluthi mbili hivi, kati ya shilingi 56 na 75. Zidisha kwa Juni, Julai na Agosti uone. Tena siku hizi bei ya uniti kwa matumizi ya nyumbani hupanda ukivuka uniti 30, ikapanda tena ukivuka 100 kwa mwezi, na hita ndiyo inayowavusha watu bila wao kujua.

Na stima yetu ni safi. Karibu asilimia 40 ya umeme wa Kenya unatokana na mvuke wa ardhini, hasa Olkaria huko karibu na Naivasha, ambako mtambo wa kwanza ulianza kazi mwaka 1981. Joto la chini ya ardhi linageuka stima, stima inabeba joto la hewani hadi sebuleni. Gunia la makaa nalo limeanza na mti kukatwa.

Wapo wanaoniambia hii ni teknolojia ya juzi. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliandika wazo la kupasha majengo joto kwa njia hii mwaka 1852. Miaka michache baadaye Peter von Rittinger alijenga pampu ya joto Ebensee, Austria, kwenye kiwanda cha chumvi. Mwaka 1938 jumba la baraza la jiji la Zurich lilianza kupashwa joto lililovutwa kutoka mto Limmat. Leo Norway, Sweden na Finland, nchi za theluji, ndizo zenye pampu nyingi za joto Ulaya kwa kulinganisha na idadi ya watu. Huko mashine hupata taabu: nje kukiwa chini ya sifuri koili huvaa barafu, na kila mara lazima isimame igeuze njia kuiyeyusha. Nairobi hatuna hilo. Kadiri pengo kati ya nje na ndani linavyokuwa dogo, ndivyo kompresa inavyotumia nguvu kidogo, na kutoka nyuzi 12 hadi 21 ni pengo dogo sana. Ukiniuliza mimi, miji michache duniani inaifaa mashine hii kama huu wetu.

Kuna jambo moja la hapa ambalo mafundi waliotoka Pwani inabidi tujifunze. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kati ya sita, kwa sababu ya mwinuko. Feni ya nje huzunguka kwa kasi ile ile lakini hewa inayopita ni haba, hivyo mashine hutoa kidogo kuliko ilivyoandikwa kwenye bamba. Watengenezaji huwa na jedwali la mwinuko. Muulize fundi wako kama amelitazama. Isiwe kisingizio cha kuuziwa dude kubwa, ingawa. Nimekuta chumba cha kulala cha futi kumi kwa kumi na mbili kimefungwa mashine ya BTU 24,000 (BTU ndicho kipimo cha nguvu ya AC), kwa sababu tu muuzaji alikuwa nayo. Mashine kubwa kupita kiasi huwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, na kompresa inachoka mapema. Chumba kama hicho BTU 9,000 zinatosha, na ya inveta ni bora kwa sababu hupunguza mwendo badala ya kuzima.

Lakini kabla hujanunua chochote, tazama nyumba yako. Hapa ndipo ninapobishana na wateja kuliko mahali pengine popote.

Nyumba zetu nyingi ni mawe ya Ndarugo, mabati au vigae juu, madirisha ya chuma yenye kioo kimoja, na juu ya kila dirisha kuna mstari wa matundu ya hewa yasiyofungika. Nenda usiku wa Julai ukaweke kiganja chako pale kwenye matundu: utasikia baridi inaingia kama maji. Weka kiganja chini ya mlango wa mbele, ni hivyo hivyo. Ukipasha joto chumba kama hicho unapasha joto barabara. Pale South C nilimwonyesha yule dada pengo la vidole viwili chini ya mlango wa baraza, na dirisha moja ambalo fremu yake ya chuma imepinda haishiki. Tulitia mpira wa mlango, tukaweka povu la kubandika kwenye fremu, na matundu ya sebuleni nikayafunika kwa kipande cha plastiki safi ambacho atakibandua Septemba. Ya jikoni sikuyagusa. Jikoni kuna gesi ya kupikia, na penye moto lazima hewa iingie na kutoka. Narudia: ukiwa na jiko lolote la kuwaka ndani ya chumba, usizibe tundu hata moja.

Vyote hivyo viligharimu chini ya bei ya hita moja. Mapazia mazito yanayofika sakafuni hufanya kazi kubwa pia. Na kama uko chini ya mabati moja kwa moja, au dari yako ni ubao mwembamba tu, fedha ya kwanza weka hapo juu, utandaze kizuizi cha joto juu ya dari. Sisi tuko karibu na ikweta. Jua la Februari hupiga paa kuliko ukuta, kwa hiyo kizuizi kile kile kinachoshika joto Julai hukukinga Februari.

Nikifikia Februari nitasema jambo ambalo wenzangu wa kazi hawapendi nilitaje. Nyumba nyingi za Nairobi hazihitaji kupozwa kwa mashine. Usiku wetu ni baridi hata miezi ya joto. Fungua madirisha ya pande mbili jioni, upepo upite, yafunge asubuhi jua likianza kuchoma, shusha pazia upande wa mashariki. Vyumba vya ghorofa za juu kabisa chini ya zege tupu, na vile vya kioo kitupu vinavyotazama magharibi, hivyo ninakubali. Vingine ninawaambia wangoje.

Nisiwape tumaini la bure: si kila AC ina jua. Zipo nyingi zinazouzwa kwetu ambazo hupoza tu, hazina vali ya kugeuza. Tazama rimoti, kisha tazama bamba la mashine ya nje kama limeandikwa uwezo wa aina mbili, wa kupoza na wa kupasha. Rimoti peke yake haitoshi, kwa maana kampuni hutumia rimoti moja kwa mashine za aina zote. Kama haina, usikubali fundi akuambie atakugeuzia. Kukata mabomba na kutia vali, na kubadilisha bodi ya stima, ni gharama ya karibu mashine mpya.

Na ukishawasha joto, elekeza bapa la mbele chini kabisa. Hewa moto hupanda, na mashine yetu tayari iko juu. Ukiliacha bapa likitazama mbele unapasha dari huku miguu ikiganda. Weka nyuzi 20 au 21. Kuweka 30 hakuharakishi kitu. Tia kinga ya stima ile inayochelewesha kuwaka dakika chache, maana stima zetu hupotea na kurudi kwa kishindo, na kompresa haipendi kuamshwa ghafla ikiwa imebanwa. Jambo jingine ni maji. AC ikiwa inapasha, mashine ya nje ndiyo inayotoka jasho. Siku ya pili tu askari wa getini alimgongea yule dada mlango, akilalamika kwamba maji yanadondokea gari la jirani. Nikarudi nikatia sinia na bomba chini ya mashine, na tangu siku hiyo ninafunga sinia kila nyumba kabla sijaondoka.

AC ya South C haikuhamishwa. Bibi alikataa.

Maji ya kuoga nayo ni habari ndefu, lakini niiguse. Kanuni za mwaka 2012 ziliagiza majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafunge mitambo ya jua, na mapaa mengi ya Nairobi leo yana matangi hayo. Julai, mawingu yakikaa wiki nzima, tangi la jua hurudi kwenye elementi yake ya stima, na bili hupanda. Pampu ya joto ya maji huchukua nafasi ya elementi. Lita 150 kutoka nyuzi 18 hadi 50 zinahitaji karibu uniti tano na nusu za joto. Elementi itakulipisha zote, pampu itakulipisha karibu mbili. Kwa mtu mmoja au wawili wanaooga kwa hita ndogo ya bombani sioni haja, kwa sababu tangi nalo hupoteza joto likikaa. Kwa hosteli, saluni, nyumba ya wageni, au familia kubwa yenye wazee na watoto wachanga, ningeanza na maji hata kabla ya sebule.

Mwisho ni gesi, na hapa nazungumza na mafundi wenzangu pamoja na wanaotuajiri. Kilo moja ya R-410A, gesi nyingine ya AC, ikiachiliwa hewani hupasha dunia sawa na kilo 2,000 hivi za kaboni dioksaidi. R-32 ni 675. Propani, inayoitwa R-290, ni chache sana, lakini inawaka, na inahitaji fundi aliyefunzwa. Mwaka 1987 dunia iliafikiana Montreal kuhusu gesi zinazotoboa tabaka la ozoni, na Oktoba 2016 wakakutana Kigali, jirani zetu hapa, wakakubaliana kupunguza hizi zinazopasha dunia. Sekretarieti inayosimamia mapatano hayo iko Gigiri, hapa hapa Nairobi. Halafu kilomita chache kutoka hapo unamkuta fundi anafungua nati na kuiacha gesi yote ipige mruzi hewani, kisha anajaza upya bila kutoa hewa na unyevu mabombani. Mashine hiyo itapasha vibaya, itapoza vibaya, na haitafika mwaka wa tatu. Fundi akija kufunga au kuhamisha mashine yako, mtazame amebeba nini. Kama hana pampu ya vakyumu, ya kunyonya hewa na unyevu mabombani, na mtungi wa kuvunia gesi ya zamani, mpe chai, umwambie arudi akiwa navyo.